Alasiri za Fundi Makochi

Vumbi la kochi kuukuu si vumbi la barabarani. La barabarani lina haraka. Huja na upepo, huondoka na upepo. La kochi limekaa na watu. Limekaa na migongo iliyochoka, na vichwa vya watoto waliopitiwa na usingizi wakimsubiri baba, na ugomvi uliokatizwa kwa sababu mgeni alibisha hodi. Ukilipiga kochi kwa fimbo, vumbi hilo hunyanyuka taratibu, huingia kwenye mwanga wa mlangoni, na husimama hapo kama linakuuliza: sasa niende wapi?

Katika vumbi hilo ndimo alimozeekea. Mtaa mzima ulimwita Fundi Makochi, na mkewe alimwita Fundi tu, na yeye alimwita mkewe Bibie, tangu walipokuwa vijana wasio na kitanda mpaka mvi zilipowaingia bila kubisha. Alikuwa mpana wa mikono, mchache wa maneno. Kochi lililovunjika alilielewa kwa kulipapasa. Mtu aliyevunjika hakujua aanzie wapi.

Bibie alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Aliondoka alfajiri, jua halijafumbua jicho, akarudi mchana wakati wengine wako katikati ya kazi. Kwa hiyo ndoa yao haikuwa ndoa ya usiku. Usiku Bibie alikuwa gogo. Ungeweza kumhamisha na shuka lake asijue. Ndoa yao ilikuwa ndoa ya alasiri.

Baada ya chakula cha mchana Fundi aliegesha mlango wa karakana na kumwambia jirani yake, fundi baiskeli, kwamba anakwenda kununua misumari. Kila mara misumari. Mtaa mzima ulijua kwamba hakuna kochi duniani linalokula misumari kiasi kile.

Alasiri zile! Pazia limevutwa nusu. Joto limelala juu ya bati kama paka. Shingo ya Bibie inanukia hamira, na kwenye kunjo la kiwiko chake unga umejificha, mstari mweupe ambao maji hayakuuona. Fundi aliutafuta mstari ule kwa midomo kabla ya kitu kingine chochote. Watoto walikuwa shule. Kisha watoto wakakua, wakaenda kuishi mbali na kupiga simu siku za mapumziko, na nyumba ikarudi kuwa ya watu wawili, kama ilivyoanza. Na bado alasiri ilikuwa yao.

Kisha ugonjwa ukaja kwa mlango mdogo. Ulikuja kama mkojo unaosita, mkojo unaokwenda na kurudi kama mwenye deni. Vipimo vikafanywa. Daktari mpasuaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, akawakalisha wote wawili na kuwaambia kwamba kuna saratani kwenye tezi dume, kwamba imewahiwa, na kwamba njia nzuri ni kuitoa tezi yote.

Halafu akasema mengine. Akasema pembeni mwa tezi ile inapita mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi, ndiyo inayomfanya mwanamume asimame. Angejitahidi kuiokoa, lakini hata ikiokoka itakuwa imeshtuka. Inaweza kulala mwaka, hata miwili. Inaweza isiamke kama zamani.

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokusudia kwenda.

Bibie aliuliza swali moja. "Atapona?"

"Tunatarajia atapona."

"Basi toa," alisema Bibie.

Alisema upesi, kama anavyosema mtu anapoulizwa kama mkate umeiva. Na maneno yale mawili yakamwingia Fundi yakakaa. Basi toa. Hakulia, hakuomba muda, hakumtazama mumewe usoni kwanza. Basi toa.

Ikatolewa. Fundi akarudi nyumbani na mpira wa mkojo umefungwa pajani na mfuko wake unaning'inia kama ndizi mbivu. Usiku ule wa kwanza Bibie alisimama kando ya kitanda, akautazama ule mpira, akachukua mto wake.

"Nisije nikauvuta usingizini," alisema. "Nitalala kwenye chumba cha binti."

Siku za mpira zikaisha, mpira ukatolewa. Mto haukurudi.

Hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo ukimya ulipopata pa kukalia, na ukimya ukishapata kiti hauagi.

Fundi alikuwa na maelezo yake kichwani. Alikuwa anavuja. Akikohoa, anavuja. Akinyanyua kochi, anavuja. Akicheka, anavuja, kwa hiyo akajifunza kutocheka. Mwanamume mzima, baba wa watu, akawa mtu wa pedi, anazificha karakana katikati ya marobota ya sponji, anazibadilisha mlango umefungwa. Alijinusa mara kwa mara kama mama anavyomnusa mtoto mchanga. Akasema moyoni: Bibie amepata sababu ya kuhama, na mtu akishapata sababu, ya nini kumrudisha?

Basi mchana akawa harudi nyumbani. Alikula mkate mkavu juu ya meza ya kazi, akapima kitambaa, akakata, akashona, akafumua alichoshona. Jua likavuka kizingiti, likatambaa sakafuni, likapanda ukutani.

Na alasiri ikapita.

"Fundi!" alipaza sauti fundi baiskeli siku moja, mbele ya watu. "Siku hizi huendi kununua misumari?"

"Iliyopo inatosha," alijibu Fundi.

Wakacheka, naye akacheka nao, kwa sababu asiyecheka huulizwa. Akahisi joto likimshuka ndani ya suruali. Akakaa chini pole pole, akajifanya anatafuta uzi.

Aliporudi kliniki alipewa vidonge. Daktari alisema vinasaidia damu kufika inakotakiwa. Kwenye duka la dawa alihudumiwa na msichana wa rika la binti yake, ambaye aliinama juu ya meza na kuuliza kwa heshima, lakini kwa sauti iliyomtosha kila mtu: "Samahani baba, una shida ya moyo? Kuna dawa ya kifua unatumia, ile ya kuweka chini ya ulimi?"

"Sina."

"Vizuri, maana hivi haviendi pamoja. Na usizidishe, baba, hata ukiona kimya."

Hata ukiona kimya. Alivitia kwenye mfuko wa shati na kutembea huku amekunja mkono kifuani, kana kwamba kitambaa kilikuwa kioo.

Alimeza cha kwanza pale pale karakana, saa zile zile ambazo zamani zilikuwa za misumari. Alifunga mlango. Akakaa kwenye kochi la mteja, la kijani, la watu watatu, akaketi katikati kama mgeni rasmi asiye na sherehe, akasubiri. Uso ukawaka. Pua ikaziba. Kichwa kikaanza kupiga ngoma, na ngoma ile ikawa inapigwa huko juu tu. Chini hakuna aliyetoka kucheza. Alijitazama. Kilichokuwa pale kilikuwa kama mtoto aliyelala sebuleni, hana habari na kelele za wakubwa.

Akangoja siku, akameza kingine. Uso, pua, kichwa. Kochi la kijani. Kimya.

Je, alilia? Hapana. Alichukua fimbo akalipiga kochi ambalo alikuwa amekwisha kulipiga asubuhi, akalipiga mpaka jirani akaita kuuliza kuna nini. "Vumbi," alisema Fundi. "Lina vumbi sana hili."

Na alasiri ikapita.

Nyumbani walizungumza. Usidhani hawakuzungumza. Walizungumza habari za chumvi, za bomba linalodondosha maji, za binti aliyepiga simu na kikohozi cha mjukuu. Aliyewasikia angesema ni watu wenye amani. Ilikuwepo, ndiyo: amani ya wapangaji wawili.

Jioni moja alipita kwenye korido na kukuta mlango wa chumba cha binti umeachwa wazi kidogo. Bibie alikuwa amekaa ukingoni mwa kile kitanda chembamba, mgongo wazi, anajipaka mafuta. Mkono wake ulifika begani ukakomea hapo. Ukaja kwa chini, ukafika kiunoni ukakomea hapo. Katikati ukabaki ukanda wa ngozi kavu, wenye kupauka, usiofikiwa na mtu. Sehemu ile ilikuwa ya mkono wa Fundi. Miaka yote ilikuwa ya mkono wake.

Alisimama. Kiganja kikamwasha kwa kutaka. Neno lilikuwa moja tu, nipe nikupake, neno ambalo hata mtoto angelisema.

Akakohoa kidogo ili ijulikane kuwa anapita, akapita. Na kile kikohozi nacho kikamgharimu.

Kliniki, safari iliyofuata, hakumkuta daktari. Alimkuta muuguzi, mwanamume mwenye mvi kumzidi, na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Vidonge vinakwendaje, mzee mwenzangu?"

"Vibovu."

"Vibovu kivipi?"

Fundi akaeleza, akiutazama ukuta. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ulipovimeza ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Na mama?"

"Nyumbani."

"Anajua kama unavimeza?"

Fundi akarudi kuutazama ukuta. Muuguzi akavua miwani. "Mzee mwenzangu, mficha uchi hazai."

"Kuzaa nimeshazaa, nesi."

Wakatazamana, wakapasuka kucheka wote wawili, na katikati ya kicheko Fundi akabana mapaja, uso ukamsawijika.

"Vuja tu," alisema muuguzi. "Humu ndani kila mtu anavuja."

Kisha akamweleza bila kupamba. Kwamba kidonge hakileti hamu. Kinamfungulia mlango mgeni, lakini hakimwiti. Mwili unataka kuguswa, na moyo nao unataka kuwepo. Kwamba hata hivyo mishipa iliyoshtuliwa haiamki kwa amri. Kwa wengine huchukua muda mrefu, kwa wengine hairudi yote, na hapo kuna pampu ya kuivuta damu huko chini, kuna sindano, kuna mambo ya kuzungumza. "Lakini ngozi yako hatukuitoa," alisema. "Wala ya kwake. Siku nyingine njoo naye."

"Atakataa."

"Umemuuliza?"

Hakumuuliza siku ile. Wala kesho yake. Kochi la watu watatu alikuwa analibeba peke yake kabla ya upasuaji, lakini swali lile hakuweza kulinyanyua hata upande mmoja. Alilianza njiani, likawa tayari mlangoni, na akikaa mezani linageuka kuwa: chumvi ipo?

Na alasiri ikapita. Ikapita na nyingine.

Siku ya mvua kubwa mteja alikuja kulichukua kochi la kijani kwa gari. Mchukuzi akateleza, uzito wote ukamwangukia Fundi, na Fundi akasikia mwili wake ukiachia. Si tone, ilikuwa maji. Alisimama nje kwenye mvua kwa makusudi mpaka alowe kote, ili kisijulikane kipi ni kipi. Pedi zilikuwepo, suruali ya kubadilisha haikuwepo. Akafunga karakana, akashika njia ya nyumbani, mchana, saa ambayo miguu yake ilikuwa imekwisha kuisahau.

Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha binti ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Akasukuma mlango wa chumba chao.

Bibie alikuwa amelala kitandani mwao. Amelala upande wake ule wa zamani, upande wa ukutani, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umenyooshwa kwenye nafasi tupu.

Ubao wa sakafu ukalia. Bibie akaamka kwa kushtuka, akaanza kuvuta shuka na kulinyoosha kwa viganja, haraka haraka, kama mwizi aliyekutwa anarudisha mali.

"Nilikuwa napumzisha mgongo tu," alisema. "Kile kitanda cha mtoto kinaniumiza."

Fundi aliitazama mikono ile. Ilikuwa inajua kazi yake. Ilikuwa imeshainyoosha mikunjo ile mara nyingi.

"Kila siku?" aliuliza.

Bibie akaacha kunyoosha. "Kila siku."

Mvua ikajaza chumba. Saa zile zile, basi. Yeye kule anafumua alichoshona, na huyu hapa amejilaza upande mmoja wa kitanda cha watu wawili, kisha anafuta alama zake.

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema?"

"Nilidhani umepata nafuu kuwa mbali na mimi. Mimi na mikojo yangu."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Ulisema basi toa."

Fundi aliona aibu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Nilisema watoe ugonjwa," alisema Bibie. "Ulitaka nisemeje? Mwacheni afe, ila aende na vyake vyote?" Akafuta uso kwa shuka. "Kisha ukarudi, ukawa unashinda kule karakana, hunitazami. Nikasema, si ndiyo? Mwanaume amekatwa, na mimi ndiye niliyesema akatwe. Atanitaka wa nini?"

Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati uliolowa, akatoa vidonge, akaviweka kitandani kati yao.

Bibie alivijua. Wanawake wa kiwandani wanavijua, huvitania. Sauti yake ikawa nyembamba. "Unavimeza na nani?"

"Na kochi."

"Na nini?"

"Kochi la mteja. La kijani. Nakaa nasubiri."

Bibie alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumtikisika, na Fundi akadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. "Na hilo kochi," alisema, pumzi zikimwishia, "lilikuambia nini?"

"Halikusema kitu. Leo wamekuja kulichukua."

Akacheka naye. Akacheka kwa tumbo lote, akavuja kwa raha yake, maana kipya cha kuharibu hakikuwepo.

"Suruali yako," alisema Bibie.

"Ndiyo. Si mvua tu."

"Nimejua. Vua."

Alisema kama anavyoambiwa mtu aliyerudi amelowa, na akaenda kuleta taulo.

Siku ile hakuna kidonge kilichomezwa. Fundi alilala nyuma ya mgongo wa Bibie, akachukua mafuta, akapaka ule ukanda mkavu mpaka ukang'aa, akapaka tena hata ulipokuwa hauhitaji. Walilala hivyo. Mvua ikasema yote.

Usidhani yaliyofuata yalikuwa mteremko. Walikwenda kwa muuguzi pamoja, na Bibie aliuliza maswali ambayo yalimfanya Fundi atazame dari. Vidonge vikaendelea, kwa mpango. Siku nyingine mwili uliitikia nusu, kama mtu anayesikia anaitwa lakini hana hakika kama ni yeye. Siku nyingine haukuitikia kabisa. Walijaribu ile pampu, ikatoa mlio wa ajabu, Bibie akatoka chumbani kwenda kucheka koridoni.

Wakajifunza mikono upya. Wakajifunza midomo. Na alasiri moja, bila chochote kusimama, kitu kilimpanda Fundi kutoka ndani kabisa, kikavu, kirefu, kisicho na tone, akapiga kelele, na Bibie akaruka kitandani akidhani kidonda kimefunguka.

"Umeumia?"

"Hapana," alisema, macho yamemtoka. "Hapana, Bibie. Hapana."

Lakini zilikuwepo siku ambazo alimlilia yule mwanamume wa misumari. Alimkumbuka alivyokuwa anavuka mtaa kwa hatua ndefu, bila kufikiri, bila kidonge, bila taulo chini ya kiuno, mwili wake unamtangulia kama mbwa anayejua nyumbani. Yule hakurudi, na hakuna aliyemzika. Bibie alimpenda huyu aliyebaki, na alisema hivyo, na Fundi aliamini. Hata hivyo kuna msiba wenye mfiwa mmoja tu. Alikuwa analala kifua kwa kifua na mkewe, na katikati ya joto lile kulikuwa na sehemu ambayo alikuwa peke yake. Hakumficha tena. Alimwambia: leo nipo peke yangu kidogo. Bibie alisema: sawa, nipo hapa. Hakusema zaidi ya hapo.

Alasiri moja ya jua kali kidonge kilimletea kichwa tu. Walijaribu, wakaacha. Bibie alikuwa amechoka. Tanuri lilikuwa limewasumbua tangu alfajiri. Akaweka kichwa juu ya mkono wa Fundi, akasema, "Tutaona kesho," na kabla ya kumaliza neno akawa gogo.

Fundi akabaki macho. Nje mtu alikuwa anafagia. Mwanga ulipenya pembeni mwa pazia, ukakaa kwenye nywele za Bibie, kwenye zile mvi ambazo hakuwa amezihesabu. Alimtazama akipumua. Mtu anayelala ameshakwenda zake, hata akiwa juu ya mkono wako.

Mkono ukaanza kufa ganzi. Vidole vikaondoka kimoja kimoja, kisha kiganja, kisha kiwiko, mpaka kilichokuwa chini ya kile kichwa kikawa si chake, ni gogo lingine. Angeweza kuuvuta. Hakuuvuta.

Baada ya muda mrefu Bibie alijigeuza ukutani, akiguna, akaburuta shuka lote upande wake. Mkono ukabaki wazi juu ya godoro. Na damu ikaanza kurudi. Ikarudi kwa maumivu, kwa siafu elfu, ikishuka kutoka begani, kiwiko, kiganja, kidole kwa kidole, mpaka machozi yakamlengalenga. Fundi akauma meno asimwamshe, akauacha mkono pale pale, uwashe.